Sajini aliyetunza risiti

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya serikali ya kaunti kwenye mazishi ya mwanajeshi mstaafu



Mwaka 1989 Sajini alikuwa miongoni mwa wanajeshi wa Kenya waliotumwa Namibia chini ya Umoja wa Mataifa kulinda amani hadi uchaguzi wa Novemba. Naibu kamanda wa majeshi hayo alikuwa Mkenya, Daniel Opande. Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Safari ile haitajwi sana siku hizi.

Hata akiwa huko, karo ililipwa. Kila muhula Mama alipokea pesa pamoja na barua fupi yenye jina la kila mtoto na darasa lake. Kifungua mimba wao, ambaye sasa ni mwalimu, anasema hakuwahi kufukuzwa shule kwa sababu ya karo. Waliosoma enzi hizo wanajua uzito wa maneno hayo.

Alipostaafu, wanakijiji walimchagua mweka hazina wa mradi wa maji. Risiti zote alizihifadhi katika sanduku lake la bati la jeshini, hata ile ya mfereji wa shilingi 50. Si wote waliompenda. Alikataa kumkopesha mtu pesa za maji, hata ndugu yake wa damu. Lakini pampu ilipoharibika, pesa za kuitengeneza zilikuwapo.

Jana familia ilikabidhi kamati sanduku hilo. Mweka hazina mpya atachaguliwa Jumamosi, saa nne asubuhi, pale kwenye tangi.