Soma Swali Mara Mbili: Mazungumzo juu ya Kukodi Gari Ugenini

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani bwaloni, katika mkutano wa mwaka wa Chama, mbele ya wanachama na wanafunzi.)



Mara ya mwisho niliposimama mbele ya bwalo hili ilikuwa mwaka 1998, nikiwa kiranja wa chakula, na tangazo langu lilikuwa kwamba maharage yamekwisha. Leo natumaini nina habari iliyo afadhali kidogo.

Ndugu Katibu aliniomba nizungumze juu ya jambo lenye manufaa kwa msafiri, kwani wengi wetu siku hizi tunakwenda ng'ambo kwa masomo, kwa kazi, au kuwatembelea ndugu. Nimechagua jambo dogo: namna ya kupata gari la kukodi kwa bei nafuu kwa kutumia tovuti za nchi za nje. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yangu serikalini ni ugavi, na kulinganisha bei ndiko kunakonipa mshahara. Pili, katika jambo hilo hilo linalonipa mshahara nilishindwa vibaya, na fedha iliyopotea haikuwa yangu peke yangu.

Mwaka 2019 mdogo wangu alimaliza shahada yake huko Marekani. Ukoo ulikaa kikao, ukachanga, ili mama yetu aende akamwone mwanawe akivaa joho, nami nimsindikize. Mimi ndiye niliyekabidhiwa mchango pamoja na daftari la hesabu. Chuo kilikuwa mbali na uwanja wa ndege, na mama magoti yanamsumbua. Hatukuwa na budi kukodi gari kwa siku 7.

Nikafungua tovuti ya kampuni moja kubwa ya magari. Ukurasa wake wa Marekani ukaniambia dola 238 kwa siku hizo 7. Nikafungua ukurasa wa kampuni hiyo hiyo unaowahudumia wateja wa nchi nyingine, nikajaza kwamba naishi Tanzania. Gari lile lile, siku zile zile, uwanja ule ule, dola 336. Nikacheka. Nikajisemea kwamba hawa wanataka kunitoza ugeni wangu. Nikachukua ile ya 238, na daftarini nikaandika kwa wino mwekundu kwamba nimeuokolea ukoo dola 98.

Tulipofika, karani aliitazama leseni yangu ya Tanzania, akaniuliza kwa upole kama nina bima yangu mwenyewe itakayonilinda nikiendesha pale. Sikuwa nayo. Basi akaanza kujumlisha. Bima ya gari kuharibika au kuibwa, dola 27 kwa siku. Bima ya madhara kwa watu wengine, dola 16 kwa siku. Jumla yake 43, mara siku 7, ni 301. Ukiongeza 238 unapata 539. Na ile bei ya 336 niliyoicheka ilikuwa na bima zote mbili ndani yake! Maneno hayo yalikuwapo pale kwenye ukurasa; mimi ndiye sikuyasoma. Niliomba nirudishwe kwenye bei ile, nikajibiwa kwamba hiyo ni ya aliyeagiza mapema.

Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku lake. Akaniuliza, "Baba, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu. Nikalipa. Tofauti ilikuwa dola 203, yaani kwa fedha yetu ya siku zile zaidi ya shilingi laki nne na nusu. Ilikuwa michango ya watu wanaolima kwa jembe la mkono.

Sasa, ndugu zangu, kwa nini gari moja liwe na bei mbili? Si uchawi. Mmarekani mwenye gari lake mara nyingi ana bima ambayo humfuata hata anapoendesha gari la kukodi, na wengine hulindwa kwa kiasi fulani na kadi zao za benki. Kwa hiyo kampuni humuuzia gari tupu, na bima huwekwa kando kwa anayeitaka. Mwingereza au Mjerumani anayekwenda Marekani hana bima ya namna hiyo. Yeye huuziwa gari na bima katika fungu moja. Tena kuna madalali wanaopatana bei na makampuni kwa ajili ya wateja wengi kwa pamoja, na kila soko lina ushindani wake. Ndiyo maana bei hufuata nchi unakoishi. Jambo hilo si geni kwetu: katika hifadhi zetu za wanyama, raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na hakuna anayeshangaa.

Huko Ulaya suala hili lilifika hata serikalini. Mwaka 2014 Tume ya Ulaya iliyaandikia makampuni sita makubwa ya kukodisha magari, ikilalamika kwamba wateja wanazuiwa kupata bei nzuri kwa sababu tu ya nchi wanakoishi. Baadaye ikatungwa sheria, iliyoanza kutumika tarehe 3 Desemba 2018, inayokataza mfanyabiashara kumfungia mteja tovuti, au kumhamishia kwenye ukurasa wa nchi nyingine bila ridhaa yake. Angalieni vizuri: sheria hiyo haikusema bei za kurasa zote ziwe sawa. Imesema mteja aachwe achague. Tena inawalinda raia na wakazi wa nchi za Umoja wa Ulaya. Ndugu zetu wanaoishi huko wamo. Sisi tunaoagiza kutoka hapa hatumo.

Hapo ndipo ujanja unapoanzia. Mwenzetu mmoja wa darasa, ambaye ameniruhusu nitoe kisa chake ila si jina lake, aliona kwamba akijaza kuwa anaishi nchi fulani ya Ulaya bei inashuka. Akajaza. Alipofika kuchukua gari akaombwa leseni, nayo ilikuwa ya kwetu. Mkataba wake ukafutwa, akapigiwa hesabu upya kwa bei ya mtu aliyeingia siku hiyo hiyo bila kuagiza. Hakuwa na la kusema, kwani maandishi yalikuwa yake mwenyewe. Na fikirini kama angepata ajali kabla ya kugunduliwa, akiwa na mkataba uliojengwa juu ya uongo!

Kwa hiyo nasema hivi: kufungua kurasa za nchi mbalimbali ni haki yako na ni busara. Kudanganya unakoishi si busara, wala si haki. Nikikodi gari sasa, nafuata utaratibu ufuatao.

Kwanza, nalinganisha vitu vinavyolingana: gari la aina moja, saa zile zile, mahali pale pale. Kuchukulia gari uwanja wa ndege mara nyingi kuna ada ya ziada kuliko kuchukulia mjini, na kulirudisha mji mwingine vilevile huongeza gharama.

Pili, nachora jedwali, kama tunavyofanya ofisini tukiwa na nukuu tatu za bei. Naandika kilichomo: bima ya gari, bima ya madhara kwa wengine, kodi, kilomita, dereva wa pili. Naandika pia kiasi ambacho nitakibeba mwenyewe likitokea la kutokea kabla bima haijaanza kulipa. Penye nafasi tupu siweki sifuri, natafuta jibu.

Tatu, nabadili bei zote kuwa fedha moja, kwa kiwango cha siku moja. Na mashine ya kulipia ikiniuliza kama nilipe kwa fedha ya nchi ile au kwa fedha ya kadi yangu, nachagua fedha ya nchi ile, kwani wakibadili wao mara nyingi hujiongezea chao.

Nne, kila penye swali la makazi naandika Tanzania. Ukurasa usiokubali Tanzania, nauacha.

Tano, nasoma masharti ya dereva. Makampuni mengi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva ili kuzuia dhamana, na kadi ya kawaida ya benki huweza kukataliwa. Hati ya kimataifa ya kuendeshea huambatana na leseni yako. Haichukui nafasi yake. Nanyi wadogo zangu, jueni kwamba katika nchi nyingi dereva aliye chini ya miaka 25 hutozwa nyongeza.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Tuliporudi nyumbani, kikao cha ukoo kiliitishwa ili nisome hesabu. Ningeweza kuificha ile 203 katika mafuta na chakula, wala hakuna ambaye angejua. Nilisimama nikaisoma kama ilivyo, nikaeleza kosa lilikuwa langu, nikaomba nilirudishe kidogo kidogo kutoka mshahara wangu. Baba yangu mdogo alinyamaza kitambo, kisha akasema nirudishe nusu, na nusu iwe karo ya ukoo kwa somo nililojifunza. Nilimaliza kulipa mwaka 2020. Na kikao kilichofuata walinikabidhi daftari tena.

Wadogo zangu, mwalimu wetu wa hisabati alikuwa akiandika ubaoni kabla ya kila mtihani: "Soma swali mara mbili." Sisi tulidhani ni maneno ya mtihani tu. Nilipita Mlimani, nikaingia kazini, nikasafiri ng'ambo, na siku niliyosoma swali mara moja tu nililipa dola 203. Ninyi hamkutozwa kitu leo. Basi lichukueni bure.