Fundi Yupo, Mtandao Haumjui

Leo naomba uniwie radhi, kwani mazungumzo yetu yanaanzia nyumbani kwangu. Mpwa wangu, binti aliyesomea ufundi wa friji na viyoyozi katika chuo cha VETA, alifungua karakana yake ya kwanza mwezi wa pili huko Sinza. Fremu yenyewe si kubwa, ila mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam. Binti akalipa. Akapaka rangi, akatundika kibao, akakaa kusubiri wateja.

Siku moja nilipomtembelea nilichukua simu nikaandika: fundi friji Sinza. Nikaletewa mafundi wa Mwenge, wa Kariakoo, na mmoja ambaye najua kabisa alifunga kazi akahamia Dodoma. Nikauliza tena, safari hii kwa ile programu ya akili mnemba inayojibu kama mtu aliyesoma sana. Ikanijibu kwa adabu, ikanitajia mafundi watatu. Duka la mmoja wao tulilitafuta mtaa mzima, halipo na majirani hawajapata kulisikia. Mpwa wangu, aliyekuwa amesimama mbele yangu na bisibisi mkononi, hakutajwa.

"Mjomba," akaniambia, "hilo nimeshalishughulikia. Kuna kijana nimempa laki nne na nusu, ameniahidi nitakuwa wa kwanza Google ndani ya siku thelathini."

Siku thelathini zilikuwa zimepita, na simu ya kijana ilikuwa haipatikani. Fedha hizo ndizo alizokuwa ameanza kuwekea kodi ya miezi sita inayofuata.

Sasa tuelezane, maana wanaoliwa namna hii ni wengi. Google ilianzishwa mwaka 1998 na vijana wawili, Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wazo lao lilikuwa jepesi: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi, hasa zile zinazoheshimika, ndio wenye uzito. Ni kama mtaani, fundi anayetajwa na mama lishe, na mwenye baa, na mjumbe wa nyumba kumi, huyo ndiye unayemwendea. Kampuni ina programu ziitwazo buibui, ambazo hupita mtandaoni usiku na mchana zikisoma kurasa na kuziandika katika faharasa moja kubwa mno. Unapouliza swali, inayopekuliwa ni faharasa hiyo. Ambaye buibui hakumfikia, kwa mtafutaji huyo hajazaliwa. Na biashara nyingi za hapa mjini zinaishi ndani ya WhatsApp peke yake. Humo buibui haingii.

Kuhusu maduka na mafundi wa mitaani, Google yenyewe imetangaza mambo makuu matatu inayoyatazama: kama kazi yako inalingana na kilichoulizwa, umbali kutoka aliko mwulizaji, na kiasi unachojulikana. Imesema pia kwamba nafasi hiyo haiuzwi. Matangazo yanauzwa, ndiyo, lakini hayo huwekewa alama yake na hulipwa kwa kampuni, hayalipwi kwa kijana wa kijiweni. Basi yule aliyeuza nafasi ya kwanza aliuza kitu kisicho chake.

Kuna wakubwa waliojaribu kuuchezea mtambo huu. Mwaka 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye Google kwa muda, baada ya kugundulika kwamba ilitengeneza kurasa zilizojaa maneno ya kuvutia buibui, ambazo mnunuzi wa gari hakuonyeshwa. Mwaka 2011 duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilishushwa chini baada ya gazeti la New York Times kufichua maelfu ya viungo vilivyopandikizwa katika tovuti za watu ili lionekane linatajwa sana. Ikiwa BMW haikunusurika, fundi friji wa Sinza atanusurika vipi?

Hizi akili mnemba nazo, tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, zimekuwa mshauri wa watu wengi. Hujifunza kwa kusoma maandishi mengi sana hadi tarehe fulani, kisha somo hufungwa. Biashara iliyofunguliwa baada ya hapo haimo kichwani mwao. Siku hizi nyingi hutoka kutafuta mtandaoni papo hapo unapouliza, na huko zinachookota ni kile kilichoandikwa waziwazi. Pasipoandikwa kitu, wakati mwingine zinabuni, kama lile duka letu la hewa.

Tulikaa jioni moja, mimi na mpwa wangu, tukafanya yanayowezekana. Kumbe kuandikisha biashara katika ramani ya Google ni bure! Ili kuthibitisha kwamba yupo kweli alitakiwa kupiga video inayoonyesha mtaa, kibao na vifaa vyake vya kazi. Hapo tukakwama kidogo. Jina la kibao lilikuwa moja, la leseni jingine, na la WhatsApp la tatu, lenye herufi mbili zilizokosewa. Mtambo utajuaje kuwa hao watatu ni mtu mmoja? Tukachagua la leseni, tukaita mchora vibao. Anwani tuliandika ile ya kibati cha namba kilichobandikwa mwaka 2022 katika operesheni ya anwani za makazi, ambacho mimi nilikidhani ni pambo.

Halafu tukaandika kazi zake kwa maneno ya wateja: friji haligandishi, kujaza gesi, kubadili kompresa, friji linavuja maji. Awali alikuwa ameandika kwa Kiingereza cha chuoni, na sijapata kuona mtu wa Tandale akitafuta msaada kwa lugha hiyo maziwa yake yakiharibika. Bei ya kuja kukagua, iliyokuwa ndani ya picha yenye maua, tukaiandika kwa herufi.

Kaka yake akajitolea kuandika sifa ishirini za wateja wa kubuni. Nikakataa. Marekani jambo hilo lina kanuni ya serikali dhidi yake tangu Oktoba 2024, na hapa kwetu hata pasipo kanuni, mteja akija akakuta sivyo, habari itafika mbali kuliko zile sifa. Badala yake aliwapigia wateja saba aliowahi kuwatengenezea. Wanne waliandika. Mmoja alimpa nyota tatu, akisema kazi nzuri lakini alichelewa. Binti alikasirika, kisha akakiri kwamba kweli alichelewa.

Alhamisi iliyopita simu ililia. Mama mmoja, friji la duka limekufa. Mpwa wangu akamwuliza amemjuaje, akajibiwa: "Nimekuona kwenye simu, mwanangu. Uko wapi?" Alikuwa mtaa wa pili kutoka pale, na kila siku hupita mbele ya kile kibao akienda sokoni.

Kodi ya miezi sita ijayo bado haijatimia.