Miswada ya Ndoa, Watoto na Shule: Wajibu Wetu wa Kuifuatilia

(Matini ya mhadhara uliotolewa kwa wazazi na walimu wa madrasa, Tabora)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baad.



Wengi wenu mmefika mkitaraji tuendelee na darsa la fiqhi pale tulipoliachia. Tunawaomba radhi. Leo tumeliweka kando kwa sababu ya jambo lililotokea hapa hapa msikitini. Kijana mmoja alitujia baada ya swala ya Isha akiwa ameshika simu, amekasirika, anatetemeka. Ujumbe ulisema kwamba sheria imeshapita na kwamba mzazi Mwislamu hana tena kauli juu ya ndoa ya binti yake. Tukamuuliza: ni sheria au ni muswada? Hakujua. Imepitishwa na Bunge lini? Hakujua. Tukawauliza waliokuwapo, nao wote walikuwa wameupokea ujumbe huo huo, kila mmoja amewapelekea wengine ishirini, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nasi tunaosoma Suratul Hujurat kila mwaka na watoto, tunaofasiri kwa ufasaha aya ya sita inayoamrisha kuthibitisha habari, tulikuwa na ujumbe huo katika simu zetu tangu asubuhi.

Ndugu zangu, mji wetu huu umejengwa na misafara. Uislamu ulifika Unyanyembe, ukaendelea hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa, kwa njia ile ile waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi. Wazee wetu waliotembea kwenda pwani walijua kwamba wakishavuka Mgunda Mkali wataingia Ugogo, na Ugogo kuna hongo. Msafara wenye akili haukungoja kufika mlangoni kwa mtemi ndipo uulize hongo ni kiasi gani. Kirangozi aliuliza mapema, akajua mwaka huu wanataka nguo ngapi, na wapi maji yamekauka. Msafara uliokwenda bila habari ulilipa mara mbili. Leo Bunge liko Dodoma, katika nchi ile ile ya Ugogo, nasi tunafika huko hongo ikiwa imeshakatwa, kisha tunalalamika.

Basi tuanze na lile dogo. Muswada si sheria. Kwa utaratibu wa kawaida hutangazwa katika Gazeti la Serikali, husomwa Bungeni mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati inayohusika, na kamati hiyo huwaita wadau watoe maoni. Hapo ndipo mlango ulipo. Baadaye husomwa mara ya pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu, husomwa mara ya tatu, na mwisho hupelekwa kwa Rais autie saini. Ukiletwa kwa hati ya dharura, njia hiyo hufupishwa sana. Matamko yetu mengi, tuseme ukweli, hutolewa baada ya saini.

Na jambo la pili, ambalo wengi halijawahi kuwapitia: mambo ya familia hayaji daima na jina la familia. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilibadilishwa ndani ya muswada ulioitwa wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Nani kati yetu angeufungua kwa jina hilo? Ndani yake kulikuwa na katazo la kumwoa au kumwozesha mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa ujauzito mwanafunzi, na adhabu kwa anayesaidia ndoa hiyo ifungwe. Mashekhe wenzetu, neno "anayesaidia" linatuhusu sisi wenye kufungisha ndoa. Mwaka mmoja kabla yake, 2015, pendekezo la kuitambua Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara liliingizwa nalo katika muswada wa namna hiyo hiyo, likaondolewa kabla ya kupitishwa. Waislamu wengi walisikia lilipoondolewa. Lilipoingia hawakusikia.

Sasa tuingie katika Sheria ya Ndoa, ambayo ndiyo iliyomtetemesha yule kijana. Wapo wanaodhani kwamba dola inaingia katika ndoa zetu kwa mara ya kwanza. Hapana. Serikali ilitoa Waraka wake Namba 1 mwaka 1969 ukieleza mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa watu wote, na Sheria ya Ndoa Namba 5 ikapitishwa mwaka 1971. Mahakama za makadhi Bara zilikuwa zimekwisha kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sheria hiyo ya 1971 iliitambua ndoa ya Kiislamu na ikakubali ndoa ya mitara. Lakini katika kifungu chake cha 107 iliweka sharti kuhusu talaka: mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi, baraza lithibitishe kwamba limeshindwa, na ndipo mahakama itoe amri ya talaka baada ya kuridhika kwamba talaka ya kisharia imetolewa.

Ni wangapi kati yetu tunaowaeleza hayo wanaokuja kuandikiwa barua za talaka? Mama mmoja wa mtaa wetu aliandikiwa barua kama hiyo, akakaa eda yake, akamaliza. Alipokwenda kudai matunzo ya watoto na sehemu yake ya nyumba, aliambiwa kwamba machoni mwa sheria yeye bado ni mke, arudi akaanzie barazani. Alihangaika karibu mwaka mzima. Na laiti mwandishi wa ile barua angejua tangu hapo! Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Muwe mnaliafiki hilo kwa hoja za fiqhi au mnalipinga, binti zenu watahukumiwa kwalo.

Kuhusu umri, sheria ya 1971 katika kifungu cha 13 iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kifungu cha 17 kikataka idhini ya mzazi kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Mahakama pia ilipewa uwezo wa kuruhusu aliyefika 14 kwa sababu maalumu. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu, kwa hoja kwamba vinambagua msichana kinyume cha Katiba. Tarehe 8 Julai mwaka huo alishinda. Serikali ikakata rufaa, na miongoni mwa hoja zake ilisema kwamba sheria ile ilizingatia mila na dini. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo na kuipa Serikali mwaka mmoja irekebishe umri uwe 18 kwa wote. Mwaka huo ulikwisha Oktoba 2020 bila ya vifungu kubadilishwa, na baada yake Serikali ikasema inakusanya maoni ya wadau, wakiwemo viongozi wa dini.

Wakiwemo viongozi wa dini! Tulipewa muda ambao hatukuustahiki. Na tulisema nini? Upande mmoja umesimama na kusema kila umri uwekwao na dola ni vita dhidi ya Uislamu. Kwa haki ya elimu, kauli hiyo haisimami. Aya ya sita ya Suratun Nisaa inaliunganisha jambo la kufikia wakati wa ndoa na jambo la rushdi, nayo rushdi ni ukomavu wa akili na uendeshaji wa mambo. Ibn Shubruma, mmoja wa mafaqihi wa karne ya pili ya Hijra, alikataa baba kumwozesha mtoto asiyebaleghe, ijapokuwa jumhuri haikwenda naye. Dola ya Uthmaniyya, ambayo haikuwa ya makafiri, katika sheria yake ya familia ya mwaka 1917 iliweka miaka 18 kwa mvulana na 17 kwa msichana, ikamwachia kadhi mwanya kwa aliyekomaa kabla ya hapo. Morocco iliweka 18 kwa wote mwaka 2004, na jaji akaachiwa ruhusa maalumu. Wote hao walijenga juu ya kanuni kwamba mtawala anaweza kuufunga mpaka wa lililo mubah kwa ajili ya maslaha.

Upande wa pili unasema 18 na basi, wala usiulize zaidi. Nao tunawauliza: binti wa miaka 17 aliyekwisha shule, anayetaka mwenyewe, ambaye wazazi wanahofia zinaa juu yake, aende wapi? Uthmaniyya na Morocco walimfikiria. Sisi maoni yetu ni kwamba Waislamu wangekwenda kwenye kamati na pendekezo lililoandikwa: umri uwe 18, na mwanya mwembamba upitie mahakamani, binti asikilizwe mbali na baba yake. Twajua wapo wenzetu hawatatuafiki, pande zote mbili. Naam, walete lao kwa maandishi.

Tunasema hivi tukiwa na jambo linalotuuma, na tumeshauriana kabla ya kulisema hadharani. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2010 uliutaja mkoa wetu wa Tabora kuwa wa pili nchini baada ya Shinyanga: asilimia 58 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Si Waislamu peke yao, na ng'ombe wa mahari wana sehemu kubwa kuliko fiqhi. Lakini alitujia baba mmoja, mtu wa safu ya mbele, akitaka tumfungishie ndoa binti yake wa miaka 15 aliyemaliza darasa la saba katika madrasa yetu na hakuendelea. Tukamwita binti na mama yake. Tukamuuliza. Akanyamaza. Baba akasema: idhini ya bikira ni kunyamaza kwake. Kweli, hivyo ndivyo ilivyopokewa. Lakini yule binti alikuwa analia, na mafaqihi wamejadili kilio cha namna hiyo kuwa ni dalili ya kukataa. Abu Daud naye amepokea kutoka kwa Ibn Abbas habari ya bikira aliyeozwa na baba yake naye hataki, Mtume (s.a.w.) akampa hiari.

Tulikataa. Baba akatuuliza: sheria ya nchi inakataza? Hapo tulinyamaza sisi. Tumerudi kutoka vyuo vya Kiarabu tukijua khitilafu ya madhehebu manne juu ya wilaya ya baba, lakini tulikuwa hatujapata kushika Gazeti la Serikali hata siku moja. Hatukujua kifungu, hatukujua hukumu ya 2019, hatukujua pa kumpeleka binti. Baba akaenda kwa mwingine, ndoa ikafungwa wiki ile ile. Binti huyo amesharudi kwao na mtoto mgongoni. Aliporudi hakuja madrasa, nasi hatukuwa na uso wa kumwita.

Kisingizio cha lugha nacho kimepungua. Zamani miswada iliandikwa kwa Kiingereza, na wengi wetu ni watu wa Kiarabu. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Yapo mengi yanayohitaji macho yetu: Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inagusa malezi na matunzo, Waraka wa Elimu wa 2021 uliowaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule, ambao binti tuliyemtaja ungemfaa lau angekuwa sekondari, na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024.

Tulichokubaliana ni hiki. Jalada moja limefunguliwa ofisini kwa madrasa, na walimu wawili wamepewa kazi ya kusoma orodha ya miswada kila kikao cha Bunge kinapokaribia, hasa ile ya "sheria mbalimbali". Hakuna ujumbe utakaosomwa kwenye kipaza sauti cha msikiti bila ya kutajwa jina la muswada na hatua uliyofikia. Mama zetu wamechagua wenzao watatu, na rasimu ya maoni juu ya umri wa ndoa haitatiwa saini mpaka hao wameipitia. Kila Jumamosi baada ya Maghrib tutasoma kifungu kimoja kimoja, tukianza na cha 107. Aliye na nakala ya Sheria ya Ndoa aje nayo, hata ikiwa kuukuu. Iliyopo ni moja, na kurasa zake za mwisho zimechanika.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.