MZALENDO NI NANI?

Maneno ya mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama na wananchi, Rukanga, Kasigau



Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikashika sururu na spana ya reli. Shuleni tulifundishwa kwamba mzalendo ni yule anayesimama wima bendera inapopandishwa. Nilisimama wima sana. Lakini tangu nianze kazi nimeona kwamba kusimama peke yake hakutoshi, maana hata mlingoti wa bendera husimama.

Nitawaeleza jambo lililonifika. Usiku mmoja jamaa yangu, ambaye simtaji, alinijia na gunia la vyuma vilivyong'olewa katika mataruma ya reli. Alitaka nimwonyeshe mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Nikamwambia, "Kaka, hii ni mali ya nchi." Akanicheka. Akasema, "Nchi ipi? Umesahau babu zetu walivyotendwa kwa ajili ya reli hiyo?"

Ndugu zangu, nilikosa jibu, kwa kuwa hapo alisema kweli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1915, wakati wa vita, Wajerumani waliuteka mlima huu wetu wapate kwenda kuivunja reli ya Waingereza. Waingereza wakasema Wakasigau ndio waliowaonyesha njia. Wakawahamisha watu wetu, wazee na watoto, hadi Malindi. Wengi walikufa huko. Waliobaki hawakurudi kwao hapa mpaka miaka ya 1930. Waliitwa wasaliti. Nauliza: wasaliti wa nchi ya nani? Vita havikuwa vyao, na reli haikuwa yao.

Lakini hayo yalikuwa ya Mwingereza, naye alikwenda zake mwaka 1963. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017 kwa mkopo mkubwa wa Uchina, na deni hilo ni la sisi sote, hata mama auzaye nyanya Maungu. Basi gunia lile liliibwa kwa nani? Kwa mama yule. Tena chuma kikichomolewa, atakayeanguka ni dereva na abiria, labda mtoto wako mwenyewe.

Nilimwambia jamaa yangu maneno hayo. Tukabishana mpaka alfajiri. Akabeba gunia lake akaenda, na mpaka leo hatusemezani. Mimi nikaenda kuitazama njia, nikatoa habari ya mahali palipolegea.

Sasa sikilizeni. Nilipotoa habari hiyo, msimamizi mmoja aliniambia nisiseme sana, nisije nikaharibu jina la nchi. Na tulipodai malipo ya saa za ziada, tuliambiwa, "Kuweni wazalendo." Ndipo nikaona kuwa mwizi na msimamizi ni ndugu. Mmoja asema nchi si kitu, apate kuiba. Mwingine asema nchi ni kila kitu, tupate kunyamaza.

Mkumbukeni marehemu Makhan Singh, mtu wa vyama vya wafanyakazi kama sisi. Alizaliwa India, lakini mwaka 1950 alitamka hadharani mjini Nairobi kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru. Akawekwa kizuizini mpaka mwaka 1961. Hakudai mshahara leo na uhuru kesho. Alidai vyote viwili pamoja. Na leo Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mfanyakazi ana haki ya ujira wa haki, ya kuingia katika chama na ya kugoma. Basi anayedai haki hiyo hakuivunja nchi. Ameitii Katiba yake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mwanachama yeyote asiguse mali ya reli, wala asimfiche anayeigusa. Pili, ukiona ubovu njiani, uandike, na nakala uilete kwa katibu wa tawi, isipotelee mezani kwa mtu. Tatu, madai ya saa za ziada tuyapeleke pamoja, si mmoja mmoja gizani.

Reli iliwang'oa babu zetu bila kuulizwa. Sisi tunaulizwa, basi tujibu. Tuilinde, na itulipe.

Umoja ni nguvu.