Gando, Daraja na Sumaku: Jinsi Ligandi Zinavyounda Vishada vya Metali

Mada kwa semina ya walimu wa kemia, Moi's Bridge



Tuanze na neli hii. Mna myeyusho wa salfeti ya shaba. Natia amonia tone kwa tone: yanatokea mashapo ya buluu hafifu. Naongeza, natikisa, mashapo yanatoweka, inabaki buluu iliyokoza kama wino. Jaribio hili tumelifanya na wanafunzi miaka nenda miaka rudi, na aghalabu tunaishia kwenye rangi. Leo naomba tusiishie hapo. Shaba ni ileile. Waliobadilika ni majirani. Baadhi ya molekuli za maji zimeondoka, amonia imekaa mahali pake. Majirani hao ndio ligandi, na hoja yangu ni kwamba hata usumaku wa metali hutegemea sana nani ameishika, na ameishika vipi.

Amonia hushika kwa mkono mmoja. Ligandi nyingine hubana kwa mikono kadhaa, na mwaka 1920 wanakemia Morgan na Drew walizipa jina kutokana na neno la Kigiriki la gando la kaa. Gando hilo hatuhitaji kulifuata pwani. Mahindi ya mashamba haya yanalo: mizizi yake hutoa molekuli inayoibana ayoni ya chuma sehemu sita, kwa kuwa chuma cha udongo hakiyeyuki kirahisi.

Kisha kuna ligandi daraja, zinazounganisha metali na metali. Katika mji uliopewa jina la daraja la Mto Nzoia, tangu enzi ulipoitwa Hoey's Bridge, sidhani hilo lahitaji maelezo marefu.

Madaraja hayo yakiunganisha metali kadhaa katika molekuli moja, tunapata kishada. Sasa tazameni kishada cha manganisi 12 ambacho mwanakemia Lis alichapisha umbo lake mwaka 1980. Katikati, oksijeni ndizo madaraja. Nje kuna asetati 16, zitokanazo na asidi ileile ya siki ya jikoni. Hizo ni uzio: bila uzio, manganisi na oksijeni zingeendelea kujengana hadi ziwe oksidi ya kawaida, kama jiwe. Mwaka 1993 Sessoli, Gatteschi na wenzao walionyesha kwamba kila molekuli ya kishada hicho hutunza usumaku wake yenyewe. Hilo hutokea katika baridi kali mno, digrii chache tu juu ya sifuri halisi, yaani karibu na −273 °C.

Mfano unaonivutia kuliko yote ulitoka kwa kundi la Brechin, Edinburgh, mwaka 2007. Walikuwa na vishada vya manganisi sita, pembetatu mbili zilizolaliana, zikiunganishwa na ligandi ya salisilaldoksimu. Elektroni pweke, ambazo ndizo chanzo cha usumaku, ni 24, lakini zilipingana hata zikabaki kama 8. Wakaipachika ligandi tawi dogo la ethili. Tawi likasababisha msongamano, daraja la nitrojeni na oksijeni likapindika, na lilipopita takriban digrii 31, elektroni zote 24 zikaelekea upande mmoja. Metali haikuguswa!

Tutakapogawanyika katika makundi, kila kundi litapata vizibo vitatu vya soda na waya. Undeni pembetatu, vizibo viwe manganisi na waya uwe daraja. Kwanza uacheni waya ulale bapa, kisha upindeni polepole, mkipima kwa kipimapembe.