Mdogo Naye Aseme: Usalama wa Mtoto Katika Chumba cha Upasuaji

(Maneno ya mwanachama wetu, mtaalamu wa dawa ya usingizi, mbele ya mkutano wa mwaka wa Umoja wa Waliosoma Hapa Zamani.)



Nilimaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1986. Katika ukumbi huu tulikula ugali na maharage kwa miaka minne, na meza ile ya pembeni ndiyo iliyokuwa meza ya viranja. Sisi wa Kidato cha Kwanza hatukuipita bila kuinamisha kichwa. Leo nimeombwa niseme juu ya kazi yangu, ambayo ni kuwalaza wagonjwa usingizi ili wapate kupasuliwa. Wazee wetu waliiita nusukaputi. Nitasema hasa juu ya watoto, na juu ya kosa langu moja, maana kosa hilo lina ujamaa na meza ile.

Yafaa kwanza tuelewane kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Ukilinganisha kilo kwa kilo, mtoto mchanga hutumia oksijeni kama mara mbili ya mtu mzima, na akiba yake ni ndogo. Mtu mzima aliyevutishwa oksijeni vizuri kabla ya kulala aweza kukaa dakika kadhaa bila kupumua kabla ya hatari kuanza. Mtoto mchanga hana dakika hizo. Damu yake nayo ni kidogo. Mtoto wa kilo 7 ana damu kama mililita 560, ambayo haijazi chupa mbili za soda. Akimwagika mililita 50, yaani vijiko kumi vya chai, sote chumbani yatupasa kujua. Dawa zake hupimwa kwa uzito, na nukta ya desimali ikikaa mahali pasipo pake, mtoto hupewa mara kumi ya kipimo chake.

Tena njia yake ya hewa ni fupi. Kwa mtoto mchanga, toka chini ya koo mpaka inapogawanyika kwenda mapafu mawili, ni kama sentimita 4 au 5 tu. Sisi hupitisha mpira humo ili apumue. Kidevu chake kikiinama, mpira nao huteremka. Ukiteremka mno huingia upande mmoja, mara nyingi wa kulia, na pafu la kushoto likabaki bila hewa.

Sasa nieleze kosa langu. Ilikuwa mwaka 2006, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tulikuwa na mtoto wa miezi saba mwenye ngiri. Ni upasuaji mdogo, na mimi nilikuwa nimekwisha ufanya mara nyingi. Chumbani tulikuwa watu sita, na mmoja wao ni binti mwanafunzi wa uuguzi, wiki yake ya pili. Asubuhi ile aliniuliza swali juu ya mashine, nami kwa haraka nikamjibu, “Binti, hapa umekuja kutazama, si kuhoji.” Wenzangu wakacheka. Naye akarudi nyuma, akasimama ukutani.

Nikamlaza mtoto, nikapitisha mpira, nikasikiliza kifua, pande zote mbili zikawa sawa. Kisha tukamsogeza mtoto na kumweka vizuri kwa ajili ya daktari mpasuaji, na kichwa chake kikainama. Sikusikiliza kifua mara ya pili. Vitambaa vikatandazwa, kazi ikaanza.

Chombo cha kupimia oksijeni kidoleni hutoa mlio kila moyo unapopiga, na oksijeni ikishuka mlio huwa mzito. Ukaanza kuwa mzito. Tisini na saba, tisini na tatu, themanini na nane. Nikasema kidole kimepoa, chombo kinadanganya. Nikakihamishia kidole kingine. Daktari akasema, “Damu huku imekuwa nyeusi.” Kisha moyo wa mtoto ukaanza kupunguza mwendo. Ndugu zangu, moyo wa mtoto mchanga unaopunguza mwendo kwa kukosa hewa ni sauti ambayo aliyeisikia haisahau.

Hapo ndipo nikasikia sauti ndogo kutoka ukutani: “Shikamoo Daktari, upande wa kushoto haupandi.”

Alianza na shikamoo, mtoto akiwa mahali pale. Nikafunua kitambaa, nikasikiliza. Kushoto kimya. Nikavuta mpira sentimita moja, nikampa oksijeni tupu. Polepole namba zikapanda na moyo ukarudi katika mwendo wake. Mtoto alikaa wodini siku nne badala ya kurudi nyumbani siku ile ile, kisha akaenda na mama yake, mzima.

Jioni nilimwita yule binti, nikamwuliza aliona saa ngapi. Akasema, “Kabla hamjatandaza vitambaa, Daktari.” Nikamwuliza mbona hakusema. Akatazama chini, hakunijibu. Wala sikuhitaji jibu, nilikuwa nimempa mwenyewe asubuhi.

Tuna methali isemayo, penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa sita, na neno lilikaribia kuharibika. Wingi wa watu haufai kitu kama mmoja wao anaona na hawezi kusema. Tena tumelelewa tukiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, nami nawafundisha wanangu hivyo hivyo. Lakini siku ile mimi ndiye niliyekataa kusikia la mdogo, na guu ambalo lingevunjika si langu.

Miaka kadhaa baadaye nilipelekwa kwenye mafunzo ya siku tatu juu ya usalama wa watoto katika upasuaji. Nilikwenda nikidhani nitafundishwa dawa mpya. Mwalimu alianza na habari ya ndege. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, nchi ya Hispania, ndege kubwa mbili aina ya Boeing 747 ziligongana katika ukungu zikiwa bado chini, wakafa watu 583. Mmoja wa rubani wakuu hao alikuwa mwalimu wa marubani, mtu wa kuheshimiwa sana. Alipoanza kuikimbiza ndege yake, fundi wa ndani ya ndege aliuliza kama ile nyingine imekwisha toka njiani. Rubani akamjibu kwamba imetoka. Fundi hakuuliza tena. Baada ya ajali kama hizo watu wa ndege walianza kufundisha wakubwa kuulizwa na wadogo kuuliza. Huko Marekani, daktari David Gaba na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliyaleta mafunzo ya namna hiyo katika kazi yetu ya usingizi.

Katika mafunzo yale tulipewa mwanasesere mwenye ukubwa wa mtoto wa mwaka mmoja, akalazwa mezani kama mgonjwa. Walimu humfanya augue ghafla, nanyi mwokoeni. Siku ya pili walitubadilisha nafasi. Daktari mpasuaji akawa mhudumu, muuguzi akawa daktari, mimi nikawa mwanafunzi. Niliambiwa pembeni kwamba mpira umeingia upande mmoja, nami nisubiri nione kama nitaweza kusema. Ndugu zangu, mtu wa miaka arobaini na zaidi, nilijua kabisa kwamba ni mchezo, na bado maneno yalinikwama kooni. Siku ile nilimwelewa yule binti.

Tulifundishwa mambo matatu ambayo naona hata ninyi mwaweza kuyatumia. Kwanza, kila mtu ataje jina lake na kazi yake kabla ya kuanza, maana aliyekwisha kusema mara moja husema mara ya pili kwa wepesi. Pili, agizo lirudiwe. Nikisema, “Mpe atropini mikrogramu 140,” anayeitoa ajibu, “Atropini mikrogramu 140,” na akishatoa aseme, “Imekwenda.” Hapo nukta haipotei. Tatu, anayeona hatari aseme, asiposikiwa aseme tena kwa sauti zaidi, asiposikiwa tena amwite mwingine. Baada ya kila zoezi tuliketi tukazungumza nini kilitokea na kwa nini, bila kutafutana mchawi.

Kisha ipo orodha. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama yenye mambo 19, inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa hapa kwetu Tanzania, kule Ifakara. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Vifo vilishuka kutoka 1.5 kwa mia hadi 0.8, na madhara kutoka 11 kwa mia hadi 7. Wagonjwa wale walikuwa wa miaka 16 na kuendelea, lakini orodha haikuwasahau wadogo, maana kwa mtoto inatutaka tuulize kama aweza kupoteza damu mililita 7 kwa kila kilo. Ni karatasi moja tu. Lakini karatasi hiyo humlazimisha mkubwa anyamaze kidogo.

Nitoe mfano mmoja wa mwisho. Juzijuzi tulikuwa na mtoto wa miaka mitatu, wa kwanza katika orodha ya siku. Daktari alikuwa ametoka mbali, na muda wake ulikuwa mfupi. Tulipofika mahali pa kuuliza kama mtoto hajala, muuguzi akajibu kwamba hajala, mama amethibitisha. Mhudumu wetu wa usafi, aliyekuwa akitoka na ndoo, akasimama mlangoni akasema, “Samahani. Nilipokuwa napiga deki wodini saa kumi na mbili, bibi yake alikuwa anampa uji.”

Daktari alitazama saa yake. Mimi pia, nakiri, niliitazama yangu. Kisha tukamshukuru mama yule, tukamrudisha mtoto wodini. Kumbe mama wa mtoto alikuwa amekwenda kuoga, mtoto akalia njaa, na bibi akamwonea huruma. Mtoto akilazwa usingizi tumbo lina chakula, chakula chaweza kurudi kooni na kuingia mapafuni. Tulimweka mwisho wa orodha, akapasuliwa saa nane mchana. Hakuna lililotokea. Kazi yetu ikienda vizuri huwa hivyo, hakuna la kusimulia.

Wanafunzi, nimewatazama mlivyoingia humu, na nimeona meza ile ya viranja bado ipo. Siwaambii muwavunjie heshima wakubwa wenu. Enzi zetu golikipa wa shule alikuwa wa Kidato cha Pili, na mpira ukiendelea alimpigia kelele kapteni wa Kidato cha Nne, “Nyuma yako!” Hakuna aliyemwita mtovu wa nidhamu. Kapteni aligeuka kwanza, mengine baadaye. Basi yaleteni hayo darasani na bwenini.

Nanyi viranja, Walimu, na wanachama wenzangu wenye ofisi na watu chini yenu, mzigo mkubwa ni wetu. Mdogo hawezi kusema katika chumba ambacho mkubwa amekwisha kumcheka asubuhi.

Yule binti alimaliza mafunzo yake akaenda zake kabla sijamwomba radhi. Sijaonana naye tena. Ndiyo maana nilipoulizwa na Kamati nitasema juu ya nini, sikutafuta mbali.