Mtambo wa Umeme wa Maji: Tuupime Kabla ya Kufungua Sanduku

(Maneno ya Kamati ya Miradi kwa wanachama, siku ya kutimiza miaka 10)



Tumepewa nafasi hii tuseme juu ya lile ombi ambalo kila mmoja hapa analifahamu: kwamba chama kitoe sehemu ya akiba yake kununua hisa katika mtambo mdogo wa umeme wa maji unaokusudiwa kujengwa mtoni kwetu. Kuna wanaosema umeme ni maendeleo, hakuna la kujadili. Kuna wanaosema fedha za akina mama zisitupwe mtoni. Sisi tunaomba kauli hizo mbili zikae pembeni kidogo, tupige hesabu.

Tuanze na maji. Nguvu ya mtambo hutokana na vitu viwili: wingi wa maji, na urefu wa mporomoko toka pale yanapoingia kwenye bomba hadi pale yanapozungusha tabaini. Kwa mitambo midogo hesabu nyepesi ni hii: chukua lita za maji kwa sekunde, zidisha kwa mita za mporomoko, zidisha tena kwa 6, gawa kwa 1,000. Jibu ni kilowati. Kama hakuna kinachopotea tungezidisha kwa 9.81, lakini karibu sehemu mbili kwa tano hupotelea kwenye bomba, tabaini na jenereta.

Chukueni mfano wa mporomoko wa mita 40. Mto ukileta lita 150 kwa sekunde, unapata kilowati 36. Ukileta lita 50, unapata 12. Ni mto uleule, tena mwaka uleule! Ya kwanza ni Machi, ya pili ni Oktoba. Mwenye kuuza mradi atakuja kukuonyesha maji mwezi Machi, na wala hakudanganyi. Lakini mteja anataka umeme na Oktoba pia.

Kupima hakuhitaji mtaalamu kutoka mjini. Tafuta sehemu ya mto iliyonyooka, pima upana na kina, kisha achia kijiti kielee mita 10 huku mwenzio ameshika saa. Upana ukiwa mita 1, kina sentimita 20, na kijiti kikatumia sekunde 28, hiyo ni kama lita 50 kwa sekunde, baada ya kupunguza kidogo kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Basi.

Sasa jamani, hapa ndipo penyewe: wateja. Kilowati 12 zikifanya kazi mchana na usiku mwaka mzima zinatoa uniti 105,120. Nyingi, sivyo? Lakini tuseme nyumba zote pamoja zinavuta kilowati 8 kwa saa 5 kila jioni, taa, redio, kuchaji simu. Hizo ni uniti 14,600 kwa mwaka, haifiki hata sehemu moja kwa saba. Maji mengine yote yanapita bure. Na mtambo wa maji si kama jenereta ya dizeli ambayo usipouza hununui mafuta. Mfereji, bomba, nguzo na nyaya vyote umeshavilipia siku ya kwanza, uuze usiuze.

Ndiyo maana tunasema mtambo unahukumiwa mchana. Mashine ya kusaga yenye mota ya kilowati 7.5, ikisaga saa 6 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inakula uniti 13,500. Yaani mashine moja tu inakaribia taa za kijiji kizima! Na foleni ya mashineni nani anaijua kuliko sisi? (Fundi atatuambia kwamba mota ikiwashwa huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, kwa hiyo isiwashwe jioni taa zinapowaka. Hilo linapangika.)

Jumlisha taa na mashine: uniti 28,100. Bei tuipige kwa shilingi 100 kwa uniti, ambayo ndiyo bei ya TANESCO iliyowekwa mwaka 2016 kwa watumiaji wadogo wa nyumbani, kabla ya kodi. Inapatikana shilingi 2,810,000 kwa mwaka. Mlinzi wa mtambo tuseme analipwa 100,000 kwa mwezi, toa 1,200,000. Inabaki 1,610,000, na hapo beringi haijafa, mafuriko hayajajaza mchanga mferejini. Mtambo ukigharimu milioni 60, fedha hiyo itarudi baada ya miaka zaidi ya 37. Wajukuu wetu watakuwa na wajukuu.

Mtu atasema basi tupandishe bei. Tunaweza, mpaka siku nguzo za gridi zitakapofika. Ada ya kuunganishiwa vijijini chini ya miradi ya REA imekuwa shilingi 27,000. Mteja gani atabaki kwetu kwa bei ya juu?

Lakini msitoke hapa mkisema kamati imekataa umeme wa maji. Masista Wabenedikto wa Chipole, wanawake kama sisi, walijenga mtambo wa Tulila kwenye mto Ruvuma. Ulianza kazi mwaka 2015 ukiwa na megawati 5. Ule una mnunuzi, TANESCO, na mji wa Songea wakati huo ulikuwa unategemea majenereta ya dizeli, maana gridi ilifika huko mwaka 2018. Na kule Ludewa, mtambo wa Mawengi wa kilowati 300 uko mikononi mwa jumuiya ya watumiaji wenyewe, ila ulijengwa kwa msaada, si kwa akiba ya kikundi.

Ushauri wetu ni kwamba hisa za wanachama zisinunue mfereji. Mama akitaka akiba yake mwezi Januari shule zikifunguliwa, hatuwezi kumkatia kipande cha bomba. Kama wafadhili au halmashauri watabeba ujenzi, na Bodi ya Maji ya Bonde ikatoa kibali cha kutumia maji, sisi tununue mashine ya kusaga na mota yake, tuwe mteja mkubwa wa mchana. Gridi ikija, mota hiyohiyo itaunganishwa kwenye gridi. Mfereji hauhamishiki.

Na kabla ya hayo, maji yapimwe. Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Septemba hadi mvua zinaposhika, akina mama wawili kwa zamu watashuka pale darajani saa 2 asubuhi na kijiti, kamba ya mita 10 na saa. Daftari litakaa kwa Mweka Hazina. Wenye kutaka kuandikwa zamu ya kwanza wabaki baada ya chakula.